Uso wa Swantje katika Taa za Mumewe

Jost Harbeke aliingia kazini siku ya kwanza akipiga mluzi. Jukwaani! Seremala akashusha nyundo, fundi wa pazia akageuka, na mimi niliyekuwa juu ya ngazi nusura nimwangushie bisibisi kichwani. Katika ukumbi wetu wa michezo hakuna kupiga mluzi. Zamani za taa za gesi, gesi ikikaribia kwisha taa zilitoa mluzi, na mluzi ulimaanisha kimbieni. Gesi iliondoka kitambo, mwiko umebaki, na anayeuvunja anawanunulia mafundi kreti ya bia.

"Mimi sikujua," akasema.

"Mkeo mwigizaji humu miaka yote hii, hukujua?"

"Swantje hajawahi kuniambia."

"Basi leo kakwambia Irmela. Na bia tunakunywa ya chupa, si ya kopo."

Irmela ndiye mimi, fundi wa taa, na ndiye niliyekabidhiwa huyo bwana nimfundishe. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilichaguliwa kwa upole wangu.

Kabla ya kuja kwetu Jost alikuwa mpamba madirisha katika duka kubwa la ghorofa mtaa wa sokoni, kitengo cha viatu. Maisha yake yote ya kazi alivipanga viatu nyuma ya kioo na kuvimulika vipendeze. Kisha duka likafungwa, kama yanavyofungwa maduka ya namna hiyo kila mji wa kandokando ya mto Weser, na Jost akabaki nyumbani. Kazi yake ikawa kupanga kabati la mkewe kwa rangi, leo kutoka nyeusi kwenda nyeupe, kesho kutoka nyeupe kwenda nyeusi. Swantje alivumilia mpaka uvumilivu ukamshinda, akamwendea mkurugenzi wetu wa zamani, akamwombea mumewe kazi ya kubeba taa. Mkurugenzi alikuwa anastaafu mwaka ule. Mtu anayeondoka humkubalia kila mtu kila kitu, na waliobaki ndio wanaobeba mzigo.

Haya, tukaanza. Somo la kwanza la taa ni kwamba mwanga hauonekani. Kinachoonekana ni kile ulichokiangukia. Kwa hiyo usiitazame taa hata siku moja, tazama inapogonga. Nilimwambia hivyo kwa Kijerumani fasaha, akaitikia kwa kichwa, akapanda ngazi, akafunga taa sita na kuzielekeza mwenyewe. Akaja kuniita kwa fahari. Chini jukwaani palikuwa na maduara sita ya mwanga, mazuri kabisa, kingo laini, kama sahani zilizopangwa mezani. Nikaenda nikasimama katikati ya duara moja. Viatu vyangu vikang'aa. Kuanzia magotini kwenda juu nilikuwa gizani.

"Jost, hapa umemmulika nani?"

"Wewe."

"Umenimulika soksi, bwana wee!"

Fundi wa pazia alicheka mpaka akakaa sakafuni. Jost akawa mwekundu masikio yote mawili. Viatu! Mtu ameachishwa kazi ya viatu, bado anavitafuta gizani. Nikamwambia ashuke, asimame pale atakaposimama mwigizaji, ageukie taa, anieleze ni lini jicho la taa linamchoma sawasawa kwenye paji la uso. Watu hubeba uso juu ya shingo, nikamkumbusha, hawaubebi unyayoni.

Somo la pili nilimpa kantini, wakati wa soseji na saladi ya viazi. Nikachukua kiazi kibichi jikoni na tochi yangu. Nikakimulika kutoka mbele, kikawa bapa jeupe, hujui ni kiazi au ni kifungo cha koti. Nikaihamisha tochi ubavuni. Mara vishimo vikatokea, vijicho vikatokea, kiazi kikawa na umbo na maisha yake yote yanasomeka.

"Umeona?"

"Nimeona," akasema Jost. "Lakini hivi madoa yake yanaonekana."

"Ni kiazi, Jost. Kina madoa."

"Dukani tungefukuzwa kazi."

Hapo ningepaswa kukiweka kile kiazi chini na kwenda kumwomba mkurugenzi ampeleke Jost kwenye mabohari. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Wanaosema hivyo hawajakutana na Jost Harbeke. Yeye alikuwa na macho mawili mazima, na kwake kila kitu duniani kilikuwa bidhaa nyuma ya kioo, na kila kivuli kilikuwa hasara.

Sasa nikueleze habari ya Swantje, maana huyo ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Waigizaji wa kwetu huajiriwa mwaka kwa mwaka. Aliyefikisha miaka kumi na mitano katika ukumbi mmoja hatolewi tena, ni wa nyumba mpaka azeeke. Na ndiyo sababu wakurugenzi, waungwana hao, humtoa mtu mwaka wa kumi na nne. Mwezi wa Oktoba unaitwa ofisini kwa "mazungumzo". Unapewa kahawa na biskuti kavu, unaambiwa jinsi ulivyo hazina kubwa, na ukitoka umeshakuwa mtu wa mtaani. Swantje alikuwa ndani ya mwaka wake wa kumi na nne. Ana miaka hamsini na moja. Na mkurugenzi mpya, Bernward Oelze, alikuwa hamjui hata kwa salamu. Mwanamke wa umri huo akitolewa hapa hapati ukumbi mwingine. Anaishia kuwafundisha makarani wa benki namna ya kupumua.

Ila Swantje alikuwa na silaha moja. Mchezo wa kwanza wa msimu ulikuwa wa mjane wa shambani, Meta, mwanamke aliyepita miaka sabini, ambaye mwanawe anauza ardhi kwa siri. Mwisho wa sehemu ya pili Meta ameketi mezani peke yake. Nje trekta linaondoka mara ya mwisho. Hana neno hata moja la kusema. Anakaa tu, na watazamaji wanatakiwa waone mwanamke mzima akibomoka bila kusogeza hata kidole. Swantje aliyeigiza Meta alifanya hivyo kwenye chumba cha mazoezi, chini ya mirija ya taa za ofisi, huku seremala akila mkate pembeni. Nilikuwa nimeenda kupima urefu wa meza. Nililia. Nami si mtu wa kulia, nilimzika mbwa wangu kwa macho makavu. Kila mkunjo wa uso ule ulikuwa na kazi yake. Mdomo ulikaza, shavu likaanguka kidogo upande mmoja, na pale chini ya jicho pakapita kitu ambacho siwezi kukueleza. Nikajua Oelze akiliona lile, hatathubutu kumtoa.

Kisha Bi Ahlers, bingwa wetu wa kupanga taa, akaenda kubadilishwa nyonga. Oelze akasema hakuna haja ya kualika mtu wa nje, watu wa nyumbani wafanye. Na mtu wa nyumbani aliyeinua mkono haraka kuliko wote ni nani? Mpamba viatu! Miezi kadhaa ya kupanda ngazi, tayari ni msanii wa mwanga. Mimi nilikuwa nimepangiwa meza ya taa, kazi ya kubonyeza vitufe, na sikuwa na hamu ya kukaa vikao na waongozaji. Nikasema mradi Swantje yupo nyumbani kumsimamia, tutaona.

Tuliona. Siku ya kufunga taa nikakuta karatasi za rangi ya waridi, zile za kufunika taa, amezipanga rundo zima, na taa zote zipo mbele, kifua kwa kifua na jukwaa, hakuna hata moja ya ubavuni.

"Hizi ni za nini?"

Akashuka ngazi, akanisogelea kana kwamba ananipa siri ya serikali. "Za Swantje. Nimejaribu nyumbani kwa taa ya kusomea. Irmela, zinamtoa miaka ishirini."

"Anaigiza ajuza, wewe!"

"Oelze ataketi safu ya saba. Unadhani atatazama nini? Atatazama umri. Wote wanatazama umri. Juzi kantini nimewasikia wale waigizaji mabinti wawili wakisema Swantje kachoka uso. Mke wangu! Nikae kimya?"

"Waache waseme. Uso uliochoka ndio mchezo wenyewe."

"Wewe huna mume, huwezi kuelewa."

"Nilikuwa naye. Nilimwona vizuri, ndiyo maana sina."

Hakucheka. Alikuwa na imani, na mtu mwenye imani na ngazi ni hatari. Yeye alidhani anampenda mkewe. Nami nakwambia wazi nilivyofikiri siku ile na ninavyofikiri leo: alikuwa anamwonea haya. Alikuwa amelala kando ya uso ule kwa miaka, na alipopewa nafasi ya kuuonyesha mbele ya watu, alitafuta namna ya kuufuta.

Ungedhani mwongozaji angemzuia. Lakini mwongozaji wetu alikuwa kijana wa kukodishwa kutoka Zürich, mwenye kofia ya sufu kichwani ndani ya nyumba mwezi wa Agosti, anayesema nusu ya sentensi kisha anafumba macho. Siku ya mazoezi ya taa Swantje akaketi mezani pa Meta, nikawasha alichopanga Jost. Uso wake ukatoka laini, mweupe, mtupu. Pua ilikuwepo kwa kukisia tu. Nikangoja yule kijana apige kelele. Akasimama kitini.

"Kinyago!" akasema. "Kinyago kitupu! Hakuna hisia, kuna... ndiyo. Msiguse."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilikuwa na mjinga mmoja, sasa nina wawili, na huyu wa pili analipiwa hoteli.

Swantje akiwa pale pale mezani akageuza kichwa kidogo, akapapasa hewa kwa shavu. Waigizaji wa siku nyingi huhisi taa kwa ngozi, hivyo ndivyo wanavyojua kama wameonekana.

"Jost," akaita, "huku kushoto sihisi kitu. Naona kama nimekaa nje ya dirisha."

"Umependeza, mpenzi. Niamini."

Mwigizaji hawezi kujiona, hilo ndilo jambo lenyewe. Yupo ndani ya mwanga, kioo hana, ana neno la mtu aliyekaa kule gizani tu. Nami nikashindwa kujizuia. Nikaiamsha taa moja ya zamani ya ubavuni iliyobaki kwenye mnara wa kushoto, taratibu, robo tu. Mara Meta akawepo. Miaka sabini na kitu ya ng'ombe na baridi, imekaa pale mezani. Fundi wa pazia akasema "Loo!" kwa sauti ya chini.

"Nani kaiwasha ile?" Jost akaja mbio akipanda ngazi za ukumbini mbili mbili. "Izime! Umemchora mashimo usoni!"

"Si mimi niliyeyachora. Yalikuwepo."

"Izime, Irmela!"

Na yule wa Zürich akanyanyua kidole: "Msiguse kinyago." Nikazima. Hali ile ya taa ikahifadhiwa kwenye mashine, ikapewa namba, na kwetu kilichohifadhiwa na mwongozaji hakiguswi na mbonyezaji. Ingekuwa kila mbonyezaji anafanya anavyotaka, waigizaji wangeachwa gizani na kuanguka kwenye mashimo ya jukwaa kila siku.

Sikuridhika. Nikamkamata Swantje kantini, kabla hajakaa na sahani yake.

"Mwambie mumeo akupe taa ya ubavuni. Akikukatalia, gombana. Hujioni, mimi nakuona. Pale mezani huna sura."

Akaweka sahani chini. Ni mwanamke mrefu, mikono mikubwa, anayetazama mtu mpaka mtu akajishtukia. "Irmela, mwache. Tangu duka lifungwe hii ndiyo mara ya kwanza anaamka akiwa na haraka ya kwenda mahali. Ananunua vitabu vya taa. Anajifunza."

"Anajifunza juu ya uso wako."

"Uso wangu umeshabeba makubwa kuliko Jost."

"Na Oktoba je?"

"Oktoba Oelze atatazama uigizaji. Siyo taa." Akacheka, akanipiga begani. "Nyie watu wa taa mnajiona sana."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaila soseji yangu nikiwa nimekasirika, na soseji ikiliwa kwa hasira haina ladha.

Usiku wa kwanza wa mchezo watu walijaa. Ilipofika pale mezani, trekta likanguruma likaondoka, na Swantje akafanya alichofanya kule chumba cha mazoezi, najua alikifanya, niliona mabega. Usoni hapakuonekana jambo. Safu za mbele walinyamaza kwa adabu. Nyuma mtu akakohoa, mwingine akakohoa kumjibu, na kikohozi ndicho watazamaji wa kwetu husema nacho kwamba wamechoka. Oelze, safu ya saba, alitazama saa. Mwishoni walipiga makofi, maana kwetu hupigwa makofi hata bomba likipasuka. Gazeti la mji likaandika kwamba Bi Harbeke alionekana "mbichi ajabu" kwa nafasi ya mjane. Mbichi! Kama figili! Jost alikikata kipande kile, akakibandika mbele ya meza yangu ya taa, niwe nakisoma kila nikibonyeza.

"Unaona?" akaniambia. "Wameona."

"Wameona nini?"

"Kwamba hajazeeka."

Nilikibandua alipoondoka. Kesho yake kilikuwepo kingine, alikuwa amenunua magazeti matano.

Oktoba ikafika na Swantje akaitwa kwa mazungumzo. Ilikuwa asubuhi ya siku yenye onyesho jioni, kwa hiyo mimi na Jost tulikuwa ukumbini tukikagua taa, yeye ngazini, mimi mezani pangu nyuma ya viti. Meza ya Meta na kiti chake vilishapangwa. Swantje akaingia kwa mlango wa pembeni, koti bado liko mwilini, vifungo vyote vimefungwa. Nilipoona vile vifungo nikajua.

"Imekuwaje?" Jost akauliza kutoka juu.

"Shuka kwanza."

Akashuka. Akasimama mbele yake na kitambaa cha kufutia taa mkononi.

"Msimu huu ni wa mwisho," akasema Swantje. "Nilimuuliza sababu. Wengine hawasemi, yeye alisema, nampa heshima yake kwa hilo. Amesema mabinti wa kuigiza mabinti anao watatu. Alichokosa ni mwanamke mzee mmoja. Alikuja kumtafuta usiku ule, akakaa safu ya saba, akatazama mchezo mzima, hakumwona."

"Lakini ulionekana kijana!"

"Ndiyo, Jost."

"Gazeti lenyewe..."

"Ndiyo."

Nilitaka kusema mimi. Nilikuwa nayo tayari mdomoni, ile si-nilikwambia, moto kabisa, na ningemwaga yote juu ya kile kichwa cha mpamba viatu. Swantje akanitazama, nikaimeza.

"Irmela, una mwanga wa pale mezani? Ule wa trekta?"

"Ninao."

"Uwashe. Jost, kaa kwenye kiti changu."

"Swantje, mimi..."

"Kaa."

Jost akapanda jukwaani, akaketi mezani pa Meta, kitambaa bado mkononi. Nikabonyeza. Waridi lake lote likammwagikia kutoka mbele, laini, ghali, bila doa. Swantje akatembea katikati ya viti na koti lake, akahesabu safu kwa kugusa migongo ya viti, akaingia ya saba, akakaa pale alipokaa Oelze. Akamtazama mumewe. Alikaa akimtazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina la mtu wake kwenye kaburi la watu wengi, huku feni ya mashine yangu ikivuma.

"Jost," akasema baadaye. "Unafanya nini hapo?"

Sauti yake ilitoka puani, imeziba. "Nalia."

"Kweli?"

"Nalia, Swantje. Wallahi nalia. Nisamehe."

Swantje akainama mbele, akaweka mkono juu ya macho, akakaza kutazama.

"Huku haionekani," akasema.